Shangazi Anatuachia Kibodi

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa za kazi zitakapokwisha, msanidi programu mwandamizi wa kampuni yetu atastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoanza kazi hapa, mfumo aliotuandikia ulikuwa unahudumia maabara moja ya hospitali moja. Anaondoka ukihudumia maabara, wodi na vyumba vya dawa vya hospitali ambazo wengi wetu hatujawahi hata kuzitia machoni. Nilipoombwa niandike maneno haya nilimwendea mwenyewe kumuuliza angependa nitaje mifumo ipi. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mifumo hubadilishwa kama mashuka. Andika habari za watu." Basi ninaandika habari za watu.

Nijitambulishe kidogo, msije mkadhani ni fundi anayemsifia fundi mwenzake ili naye asifiwe kesho. Mimi ni mtu wa dawati la simu. Mfumo ukikwama popote, simu ya kwanza huniangukia mimi, na karipio la kwanza pia. Kwa miaka mingi meza yangu na yake zimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, nyembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi humwombea afya bila kuinuka kitini. Kuandika msimbo, yale maneno ya kuiamrisha kompyuta, sijui hata leo. Lakini nimesikia jinsi watu wanavyofundishwa kuuandika, siku baada ya siku, kupitia ukuta ule, na nadhani nina haki ya kusema ninayoyasema.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina lake. Sote tunamwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi wageni waliokuja mara mbili tu. Jina hilo alilipata kwa ajali. Mmoja wa wanagenzi wake wa mwanzo alikuwa kijana mwenye haya nyingi, ambaye hakujua amwite mkuu wake nani: "madam" aliona ni la shule, "mama" aliona ni la nyumbani. Siku moja madaktari walikuja kukagua mfumo, na kijana akatumwa kutoa taarifa mbele ya mkutano. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri. Alipofungua mlango, ulimi ukateleza: "Shangazi, wageni wamefika." Naye bila kupepesa jicho akajibu, "Haya mwanangu, wakaribishe." Toka siku hiyo tukawa na shangazi, na nadhani hatukukosea, maana shangazi katika ukoo ndiye anayekwambia yale ambayo wazazi wanayaonea aibu.

Wengi mnaomjua leo, amezungukwa na vijana kama kuku na vifaranga, hamtaamini kwamba miaka kumi ya mwanzo alikuwa mtu wa peke yake kabisa. Alikuja na shahada yake ya hisabati na tamaa ya kazi isiyo na mipaka. Mfumo wa kwanza aliuandika mwenyewe, aliujaribu mwenyewe, aliutengeneza mwenyewe ulipoharibika. Tulijivunia kuwa naye. Tulikuwa tukiwaambia wateja, "Tunaye mtu," na kwa kweli tulikuwa naye huyo mmoja tu. Likizo hakwenda. Akiugua, tuliugua sote. Hakuna aliyeona ubaya wa jambo hilo, hata yeye mwenyewe, kwa sababu kutegemewa kuna utamu wake.

Kisha mama yake mzazi akafanyiwa upasuaji. Shangazi alikuwa wodini, kando ya kitanda, akingoja mama azinduke. Siku hiyo hiyo mfumo ukagoma, nasi tukampigia. Akaenda kwenye korido kuzungumza, akarudi, tukampigia tena, akatoka tena. Alikuwa akitutajia maneno ya kuandika herufi kwa herufi, mkono mmoja umeziba sikio, huku mikokoteni ya wagonjwa ikimpita. Aliporudi ndani safari ya mwisho, akamkuta mama keshazinduka. Mama alikuwa amefumbua macho akakuta kiti kitupu. Hakulalamika. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali, "Mwanangu, huko kazini kwenu hakuna mtu mwingine?"

Kisa hicho alinisimulia yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, huku akifuta miwani ambayo haikuwa chafu. Alisema lile swali lilimkaa kooni kama mfupa. Alijaribu kumjibu mama kwamba wapo wengine, ila si wazoefu, ila hawaujui mfumo, ila, ila. Kila alipofika kwenye "ila" aliona kwamba kosa ni lake. Miaka yote ile hakuwa amemfundisha mtu hata mmoja.

Mama alipopata nafuu, Shangazi alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Mazungumzo yao yamekuwa hadithi ya kampuni, na mkurugenzi mwenyewe hupenda kuyasimulia.

"Nataka watu watatu," alisema Shangazi.

"Wazoefu?"

"Wasiojua kitu."

"Wasiojua kitu tunao tayari," mkurugenzi akamwambia, akionyesha kwa kidevu upande wa ofisi ya mauzo.

"Hao hawajui kwamba hawajui. Mimi nataka wanaojua kwamba hawajui."

Mkurugenzi alicheka, lakini hakukubali. Kwa nini kufinyanga chungu ilhali sokoni vipo vilivyokwisha chomwa? Akatafuta msanidi mwandamizi kutoka nje, akampata, tena mzuri. Bwana yule alikuwa na akili kama wembe. Aliandika programu safi kuliko zote tulizokuwa nazo. Lakini hakujua kwa nini muuguzi wa wodi ya watoto hubonyeza kitufe kimoja mara mbili, wala kwa nini maabara ya hospitali ya mlimani hutuma majibu yote kwa mkupuo jioni. Mambo hayo hayakuwa yameandikwa popote. Yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na nafasi ya kuyasema. Bwana yule akachoka kukisia, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Akaja wa pili, naye akaenda. Ndipo mkurugenzi akamwita Shangazi na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayekunywa dawa chungu, "Haya, lete hao wasiojua kitu."

Walikuja. Na hapo mimi nikapata wageni, maana wiki ya kwanza Shangazi hakuwaruhusu hata kuwasha kompyuta. Aliwaketisha kwangu, dawatini, wasikilize simu. Walisikia muuguzi akilia kwa hasira, wakamsikia daktari akiuliza swali ambalo programu ilipaswa kulijibu yenyewe. Wiki ya pili aliwapeleka maabara wakasimame pembeni, wamwangalie mtaalamu akipima damu huku simu inaita na foleni imefika mlangoni. "Mkisharudi hapa," aliwaambia, "mkiandika jambo, muone uso wa yule mama wa maabara. Msipouona, msiandike."

Baada ya hapo aliwapa kazi. Kazi ya kweli, ndogo, ya mfumo unaotumika, ambayo ikiharibika mtu ataona. Mazoezi ya kubuni hakuyapenda. Alisema mtu hajifunzi uangalifu kwa kubeba mayai ya mbao. Naye hukaa ubavuni mwa mwanafunzi, kwenye kiti chake chenye gurudumu moja bovu. Kiti hicho kinapiga kelele kama bata. Fundi wa ofisi aliwahi kuja na mafuta kukitengeneza, vijana wakamsihi aache, kwa kuwa mlio ule ndio uliokuwa ukiwapa muda wa kufunga kurasa za mpira kabla hajafika.

Ameketi hapo, kibodi haigusi. Hiyo ndiyo sheria yake moja ambayo sikuwahi kuona akiivunja. Kijana anaweza kuhangaika mpaka jasho likamtoka, Shangazi mikono yake ameitia kwapani, anauliza, "Hapa ulitaka nini kitokee?" Kisha, "Na kimetokea nini?" Kupitia ukuta wangu nimeyasikia maswali hayo mawili mara nyingi kuliko nilivyosikia wimbo wowote. Siku moja mwanangu mdogo nyumbani alimwaga maji mezani, nami nikajikuta namuuliza, "Hapa ulitaka nini kitokee?" Mke wangu akaniambia niache kuleta kazi nyumbani.

Lakini nisimpambe kama bibi harusi. Njia hii ilikuwa na gharama, na aliyelipa kwanza hakuwa yeye.

Miongoni mwa wale watatu wa mwanzo kulikuwa na kijana tuliyemwita Kimya. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo Shangazi alimwachia mambo mapema. Alimpa kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, akamwambia, "Ukikwama, niite." Kimya alikwama siku ya pili. Hakuita. Alimwona Shangazi anavyojua kila kitu, akaona aibu kumpelekea swali la kitoto. Akaongeza kosa juu ya kosa mpaka kumbukumbu za wodi nzima zikachanganyika, na ikabidi wote waache kazi zao kuzipanga upya. Hakuna aliyemgombeza. Hata hivyo asubuhi moja hakuja, na kesho yake hakuja, na simu hakupokea.

Shangazi akamfuata nyumbani. Dada mkubwa wa kijana ndiye aliyefungua mlango, akasimama katikati ya kizingiti, mikono kiunoni. "Umekuja kumchukua au kumsema?"

"Nimekuja kumwomba radhi," Shangazi akajibu, na dada akasogea.

Walikaa barazani, wawili hao. Shangazi alimwambia kwamba kosa la kumwacha peke yake ni la aliyemwacha. Kimya alisikiliza, akacheza na kamba ya kiatu chake, kisha akasema maneno ambayo Shangazi amewasimulia wanagenzi wote waliomfuata: "Shangazi, kazi ulinipa. Ruhusa ya kutojua hukunipa."

Hakurudi kazini. Alikwenda kusomea ualimu, na leo anafundisha hisabati shule ya sekondari. Naamini anafundisha vizuri. Shangazi naye alirudi ofisini mtu mwingine. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla kompyuta hazijawashwa, kikundi chake husimama na kila mmoja husema jambo moja ambalo hajui. Anaanza yeye. Mwanzoni vijana walidhani ni mzaha, mtu wa miaka yote ile kusimama na kusema, "Mimi leo sielewi kwa nini ripoti ya jana ilichelewa." Wakagundua kwamba kweli haelewi. Nilikuwa nasikia upande wa pili mmoja akikohoa: "Na mimi kuna kitu cha wiki iliyopita…" Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Mtu wa kwanza kukomaa na kuwa msanidi mwandamizi mikononi mwake, yule yule wa ulimi ulioteleza, aliniambia kwamba programu angejifunza popote; kusema "sijui" bila kuona haya alijifunzia hapo.

Sasa niwape kisa ambacho kila mtu wa jengo hili anakijua kwa vipande, na wachache wanakijua chote. Nilikuwepo, kwa sababu kilianzia kwenye simu yangu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, chai bado ya moto. Siku moja kabla tulikuwa tumetoa toleo jipya la mfumo, lililounganisha mashine mpya za maabara. Aliyeliandika alikuwa binti tuliyempa jina la Chapuchapu, kwa mwendo wake na kwa maneno yake. Alikuwa mwaka wake wa nne chini ya Shangazi. Simu ikaita. Muuguzi wa wodi ya wazazi alizungumza polepole sana, na mimi nimejifunza kwamba anayepiga kelele ana tatizo dogo. Anayezungumza polepole ndiye wa kuogopwa. Alisema wana mama anayesubiri upasuaji wa kujifungua. Mfumo unasema damu yake ni ya kundi fulani. "Lakini mama huyu nilimpokea mimi mtoto wake wa kwanza," alisema, "na nakumbuka tulihangaika kumtafutia damu. Hii si damu yake."

Nilimwomba wasimamishe kila kitu wampime upya, nikapiga ukuta kwa ngumi, kisha nikaingia kwao. Chapuchapu alikuwa ameshaanza kutafuta kabla sijamaliza kueleza. Mkurugenzi naye akafika, tai begani. Chumba kikajaa watu wasio na la kufanya.

"Toleo la jana ndilo lililoleta haya," mkurugenzi alisema. "Rudisheni la zamani. Sasa hivi."

Chapuchapu akatikisa kichwa bila kugeuka. "Sidhani ni toleo la jana, bosi. Tukirudisha la zamani, nadhani tatizo litabaki palepale, ila hatutaliona tena."

Fikirini lilivyosikika neno hilo. Aliyeandika toleo la jana ndiye anayesema si toleo la jana. Mkurugenzi akamgeukia Shangazi. "Kaa wewe kwenye kibodi."

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, ubavuni mwa binti, mikono kwapani. "Sehemu hii anaijua yeye kuliko mimi."

"Huu si wakati wa kufundisha!"

"Sifundishi," alisema. "Nasubiri jibu, kama wewe."

Kisha akamwinamia binti, sauti ya chini, mpaka mimi niliyezoea kumsikia kupitia mbao ilibidi nisogee. "Mwanangu, una uhakika na nini, na unakisia nini?"

"Nina uhakika jibu la mgonjwa mmoja limeingia kwa mwingine. Nakisia halitoki kwenye kazi yangu ya jana. Hilo sina uhakika nalo."

"Ukiwa umekosea, nani ataumia?"

Chapuchapu, ambaye hajawahi kusema sentensi bila kuikimbilia, safari hii alipima kila neno. "Tukifunga mfumo na nikawa nimekosea, nitaumia mimi, na kampuni itaaibika. Tukiacha wazi na nikawa nimekosea, ataumia mgonjwa."

"Basi si umeshajibu."

Binti akamgeukia mkurugenzi, akamtazama usoni. "Tufunge majibu ya maabara. Hospitali zote. Watumie karatasi mpaka tuwaambie."

Mkurugenzi ni mtu aliyeijenga kampuni hii kwa miaka, na binti wa juzi anamwambia aizime. Akamtazama Shangazi kama mtu anayetafuta mlango wa pili wa kutokea. Shangazi hakumpa mlango. Mkurugenzi akasema, "Funga."

Kazi yangu ikawa kupiga simu kote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema tunafanya maboresho, Shangazi akanishika bega. "Usiseme maboresho. Sema majibu yanaweza kuwa si sahihi, wasiyaamini." Nilisema hivyo hivyo. Siku ile nilikaripiwa na mji mzima, lakini sikusema uongo.

Kabla ya chakula cha mchana Chapuchapu alikuwa amelipata. Mashine zile mpya mara nyingine zilituma jibu la damu bila namba ya mgonjwa. Na ndani kabisa ya mfumo, katika sehemu ya kale ambayo hakuna aliyeifungua kwa miaka, kulikuwa na mistari michache iliyosema: jibu likija bila namba, lichukuliwe kuwa ni la mgonjwa ambaye faili lake lilifunguliwa mwisho kwenye kompyuta. Ilipoandikwa, maabara ilikuwa moja, kompyuta moja, mgonjwa mmoja mbele ya dirisha; ilikuwa kweli. Sasa haikuwa kweli tena.

"Nani aliandika hii?" Chapuchapu aliuliza, kwa hasira, kabla hajafikiri.

"Mimi," alisema Shangazi.

Binti alitaka kuomba radhi, Shangazi akamkatiza kwa mkono. Akamgeukia mkurugenzi, na wote tuliokuwepo tukamsikia. "Ungeniketisha hapa asubuhi, ningetafuta kila mahali isipokuwa hapo. Hapo napaamini. Niliandika mimi." Akaitazama kibodi. "Ndiyo maana sikukaa."

Damu ya yule mama ilikuwa imepimwa upya, ikapatikana iliyo sahihi, na upasuaji ukafanyika. Muuguzi alipiga simu alasiri. Safari hii alizungumza haraka: mama mzima, mtoto mzima, wa kiume, ana nywele nyingi. Nilipowatangazia kupitia ukuta, nilisikia kiti kile kikilia kama bata, kisha nikasikia mtu akilia kweli. Sikwenda kuangalia ni nani. Mkurugenzi, ambaye si mtu wa kuomba radhi hadharani, alivuta kiti cha tatu, akaketi kati ya wawili wale, akaomba aelezwe mstari kwa mstari. Hakuondoka mpaka alipoelewa. Tangu mwaka huo kila mwanagenzi anayeingia hupewa kipande cha msimbo wa zamani wa Shangazi, naye Shangazi humwambia, "Tafuta nilipokosea. Papo."

Siwezi kuwahesabu wote waliopita mikononi mwake. Kuna waliobaki, na leo ndio nguzo za jengo hili. Kuna walioondoka, na hilo lilimuuma mkurugenzi kila mara. "Unawalea, wanapevuka, wanaruka," alimlalamikia siku moja kwenye ngazi. Shangazi akamjibu, "Waache waruke. Huko waendako wataandika mifumo, na mimi uzeeni lazima nitalazwa mahali. Nataka nikalazwe kwenye mfumo ulioandikwa na mtu aliyefundishwa." Waliocheka walicheka. Mimi niliona kwamba hatanii.

Miaka miwili iliyopita alianza kujiondoa, kwa utaratibu, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Kwanza aliwapa nywila. Kisha akaacha kuhudhuria mikutano ya kupanga matoleo. Mwaka jana akachukua likizo ndefu, ya kwanza ya namna hiyo maishani mwake, akasafiri na mzee wake, yaani mumewe, fundi saa mstaafu, kwenda kuwaona wajukuu. Akiwa huko, chumba cha seva kikaingia maji ya mvua. Ilikuwa balaa. Hospitali tatu zilikatika mawasiliano, Chapuchapu aliwagawa wenzake makundi, wakahamisha kila kitu kwenye mitambo ya akiba, huku wengine wakichota maji kwa ndoo. Kesho yake mfumo ukawa mzima. Sikumbuki mtu yeyote akitaja jina la Shangazi. Tulikuwa na kazi.

Aliporudi, alipita akisalimia meza moja moja, akigawa peremende alizotumwa na wajukuu. Kijana mpya akamsimulia mafuriko, kwa furaha, hajui analolisema. Shangazi akasimama. Akaja mlangoni kwangu.

"Seva zililoa?"

"Ziliponea chupuchupu, Shangazi."

"Na hamkunipigia?"

"Hatukukuhitaji," nikamwambia.

Niliona uso wake ukibadilika, nikajuta. Kwa mtu aliyeibeba nyumba mabegani, kuambiwa nyumba imesimama yenyewe ni neno zito. Alienda kwenye korido, akasimama dirishani, mgongo kwetu. Chapuchapu alitaka kumfuata, nikamzuia. Baadaye akageuka, akarudi mpaka katikati ya chumba, akatutazama mmoja mmoja, macho yamelowa.

"Rudieni mlivyofanya," alisema, akavuta kiti cha mtu mwingine, akaketi. "Mwanzo mpaka mwisho. Nataka kusikia."

Walimsimulia kwa zamu, wakikatizana. Hakuuliza swali hata moja. Walipomaliza alisema, "Mimi nisingefanya hivyo." Kisha akatabasamu. "Mlivyofanya ni bora." Wiki iliyofuata akaandika barua ya kustaafu.

Mkitaka kujua atakwenda kufanya nini, anajifunza kuendesha gari. Miaka yote ameendeshwa na mzee wake, na mzee sasa macho yamepungua. Mwalimu wake wa udereva ni kijana wa rika la wanagenzi wake, na nimedokezwa kwamba gari linazimika kila mlima, kwamba Shangazi hafadhaiki hata kidogo, na kwamba kijana wa watu amechoka kuulizwa kwa nini klachi inakanyagwa kabla ya gia. Tunampa pole. Sisi tuliulizwa maswali hayo miaka, na tazama tulivyotoka.

Shangazi, kwa niaba ya menejimenti, wasanidi wote uliowalea, walioko hapa na walioko kwingine, na sisi majirani wa ukuta wa mbao, tunakushukuru. Asante kwa kukaa ubavuni. Asante kwa mikono uliyoizuia wakati ambapo ingekuwa rahisi zaidi kuitumia. Mshike mzee wako mkono kwa niaba yetu, wape wajukuu salamu, na uwe na afya ya kutosha kuchoka kwa kupumzika. Barabara iwe nyeupe mbele yako, milima iwe michache, na gari likizimika, wanaokuja nyuma yako wawe na subira uliyokuwa nayo kwetu.